Sura ya Saba: Saumu na Njaa

Saa kumi na moja jioni, soko la Gikomba jijini Nairobi linapoanza kufunga, vijana huvuka kuingia mtaa wa Majengo na vumbi la mitumba mabegani. Wengi huenda nyumbani, au kibandani kwa chai. Wachache hukata kona kuelekea ukumbi wa jamii, begi dogo kwapani: bandeji za mikono zilizofuliwa jana, viatu vilivyokwisha kushonwa mara mbili, chupa ya maji. Ndani kuna magunia mawili ya kupigia, moja limezungushiwa utepe lisipasuke. Kocha anatazama saa kila mara, kwa kuwa usiku ukumbi una wenyewe. Leo ni kamati ya harusi, kesho ni mchango wa matanga.

Mwulize bondia yeyote pale atapigana lini. "Nangoja kuitwa," atakujibu. Ana leseni ya ndondi za kulipwa, anakimbia kila alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani, na uzito wake anaujua kama anavyojua jina la mamake. Hata hivyo mwaka unaweza kwisha akiwa amepanda ulingoni mara mbili, au mara moja, au asipande kabisa.

Wazee wa barazani wana maelezo yao. Watakwambia vijana wa leo ni mayai, wanaogopa kuchubuka. Enzi zao, watasema, mtu alipigana Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata ukamkuta ulingoni tena. Kuhusu Ijumaa, wazee wanasema kweli. Kuhusu mayai, wamekosea, na kosa lao linafaa kuchunguzwa, maana linaficha mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kibarua cha ngumi

Tuanze mbali, huko ambako hesabu zimeandikwa vizuri. Mwaka 1919 Mmarekani Harry Greb alipanda ulingoni mara zipatazo 45, karibu kila wiki. Mwaka 1937 Henry Armstrong alipigana mara 27 na kushinda zote. Joe Louis, akiwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu, alitetea taji lake mara saba ndani ya mwaka 1941. Sugar Ray Robinson alianza kulipwa Oktoba 1940, na kufikia Februari 1943 alikuwa amepigana mara 40. Alipostaafu mwaka 1965 alikuwa na mapambano takriban 200.

Sasa mweke Floyd Mayweather kando yao. Alianza kulipwa mwaka 1996, na kufikia mwaka 2017, katika miaka hiyo 21, alikuwa amepigana mara 50 tu. Alishinda zote, akawa miongoni mwa wanamichezo waliochuma zaidi duniani.

Greb na wenzake hawakuwa na mifupa ya chuma. Walipigana mara nyingi kwa sababu ngumi ilikuwa kibarua. Miji ya Marekani ilijaa kumbi ndogo, kila mtaa na ukumbi wake, kila wiki na usiku wake wa ndondi. Malipo yalikuwa ya kununulia chakula na kulipia pango, kisha unarudi tena kama mpakizi anavyorudi bandarini. Kushindwa hakukumaliza mtu. Ukipoteza Jumatatu, ungeshinda wiki inayofuata, na watu wakasahau. Uzito ulipimwa siku ileile ya pambano, hivyo bondia alikaa karibu na uzani wake mwaka mzima badala ya kujikausha kwa miezi.

Televisheni ndiyo iliyovunja mpango huo. Miaka ya 1950 Wamarekani waligundua kwamba wanaweza kutazama ndondi sebuleni bila kulipa kiingilio. Kumbi za mitaa zikafungwa moja baada ya nyingine, na pamoja nazo ikaondoka ngazi ambayo kijana aliipanda polepole, pambano dogo baada ya pambano dogo. Kilichobaki kileleni ni mapambano makubwa machache, na televisheni iliyatafutia mabondia ambao hawajawahi kushindwa. Sufuri katika safu ya kushindwa ikawa mali. Mwenye mali huilinda, hivyo mameneja wakaanza kuchagua wapinzani kwa uangalifu kama baba anayemchagulia bintiye mchumba.

Vifo navyo vilibadilisha mchezo. Mwaka 1962 Benny Paret alifariki baada ya kupigwa na Emile Griffith mbele ya kamera. Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alifariki siku chache baada ya kupigana na Ray Mancini, na shirikisho la WBC likapunguza raundi za pambano la taji kutoka 15 hadi 12. Kanuni za afya zikakazwa: aliyeangushwa nokauti husimamishwa kwa wiki kadhaa au miezi, apende asipende. Ongeza kambi za mazoezi za wiki nane hadi kumi na mbili, mashirikisho manne yenye mikanda yake, na mapromota wasiosalimiana. Ukijumlisha yote hayo, mapambano mawili kwa mwaka hayakushangazi tena.

Majengo ni mtaa wa misikiti, na hata asiyefunga anajua Ramadhani inavyokwenda. Bondia tajiri wa Las Vegas au Riyadh anayepigana mara mbili kwa mwaka yuko kwenye saumu. Amenuia. Anajua futari itafika saa ngapi na mezani kutakuwa na nini. Bondia wa Majengo naye hajala tangu asubuhi, na ukiwatazama kwa mbali utadhani wanafanya ibada moja. Lakini yeye hakunuia; ana njaa tu.

Ngumi na mshahara

Ili kumwelewa huyu wa pili, ni lazima tukumbuke kwamba enzi ya dhahabu ya ndondi za Kenya ilikuwa ya ridhaa. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 pamoja na tuzo ya Val Barker, anayopewa bondia mwenye ufundi bora wa Olimpiki, kisha akaleta fedha kutoka Munich mwaka 1972. Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978. Ibrahim Bilali akapata shaba Los Angeles mwaka 1984. Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 1987, kikosi cha taifa, Hit Squad, kilichukua dhahabu nane kati ya kumi na mbili. Mwaka uliofuata huko Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha.

Vijana hao walipata wapi mapambano ya kuwanoa hivyo? Jibu limo kwenye karatasi ya mshahara. Polisi walikuwa na klabu, Magereza walikuwa na klabu, Jeshi pia, na Kenya Breweries, Reli, Posta. Bondia aliajiriwa. Asubuhi alikuwa konstebo, karani au mpakizi wa makreti. Alasiri alikuwa mwana-ndondi, na mwisho wa mwezi mshahara ulifika, awe ameshinda au ameshindwa. Klabu zilikutana katika ligi, mji huu leo, mji ule mwezi ujao. Alipigana mara nyingi kwa sababu kupigana kulikuwa sehemu ya kazi, na kwa sababu kichapo hakikumnyang'anya unga.

Kwa mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, njia ilikuwa fupi. Kumbi za jamii zilizojengwa tangu enzi za mkoloni, Pumwani, Kaloleni, Muthurwa, zilikuwa na glavu, kamba na mtu mzima wa kukufokea. Ukionekana una mkono, klabu ya mwajiri inakuchukua, na kutoka huko timu ya taifa haiko mbali. Hata waliokwenda kulipwa walikwenda wakiwa wamekomaa. Waruinge alihamia Japani, na mwaka 1976 akapigania taji la dunia la WBC dhidi ya Rigoberto Riasco wa Panama. Muchoki alikwenda Denmark, na mwaka 1983 akapigania taji la WBA mbele ya Santos Laciar wa Argentina. Wote wawili walishindwa, lakini walifika mlangoni mwa taji la dunia, na msingi wao ulikuwa ndondi za ridhaa.

Kisha waajiri wakabadilika. Miaka ya 1990 ilikuja na kupunguza wafanyakazi na kuuza mashirika, na ofisi inapobana matumizi klabu ya michezo ndiyo huwa ya kwanza kukatwa. Shirika la Posta na Simu lilivunjwa vipande mwaka 1999. Shirika la Reli lilikabidhiwa mwendeshaji binafsi mwaka 2006. Polisi, Magereza na Jeshi walibaki na mabondia wao, lakini nafasi zao ni chache na wanaozitaka ni wengi.

Hapo ndipo kijana wa Majengo anapochukua leseni ya kulipwa mapema mno. Hajakomaa, ila mlango mwingine haupo. Anaitwa bondia wa kulipwa, na kwa mwezi wa kawaida hakuna anayemlipa.

Hesabu ya usiku mmoja

Twende upande wa promota, maana lawama nyingi humwangukia yeye. Tuseme amepata ukumbi unaoingia watu 500, na kiingilio ni shilingi 300. Viti vikijaa vyote, na mtaani hakuna anayeingia kwa kujuana na mlinzi, mapato ni shilingi 150,000.

Kutoka hapo alipie ukumbi wenyewe. Akodi ulingo, lori la kuubeba na mafundi wa kuufunga. Alipe ada ya kamisheni ya ndondi, refa, majaji na mtunza saa. Awepo daktari, na ambulensi isimame nje injini ikiwa tayari. Pasipo hivyo haifai kengele ya kwanza igongwe. Kuna walinzi, vipaza sauti, mabango. Kisha kuna mabondia. Mapambano sita ni mabondia kumi na wawili. Hata kama kila kitu kingine kingekuwa bure, kila mmoja angepata shilingi 12,500. Kati ya hizo amtoe kocha, alipie vipimo vya afya na nauli, na kufidia siku za Gikomba alizokosa kwa ajili ya mazoezi ya miezi miwili.

Hesabu haifungi. Bila mdhamini au televisheni, kila usiku wa ndondi ni hasara inayosubiri mwenyewe, na promota mwenye akili anaandaa mmoja, anauguza madeni, kisha anapumzika mwaka mzima. Ukimya wa ulingo unatoka hapo. Waoga hawahusiki.

Ukidhani ubingwa unatibu hali hiyo, mtazame Fatuma Zarika. Tarehe 1 Oktoba 2016, huko Flint, Michigan, alimshinda Alicia Ashley na kutwaa taji la dunia la WBC la uzani wa super bantam. Bingwa wa dunia, Mkenya, mwanamke aliyeanzia chini kabisa. Alisubiri miezi kumi na minne ndipo akalitetea: Desemba 2017, ukumbi wa KICC, dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Pambano la taji lililofuata lilikuwa Septemba 2018 dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, kisha Phiri tena Machi 2019. Novemba mwaka huo alikwenda Mexico, Mercado akamnyang'anya taji. Mapambano matano ya taji kwa miaka mitatu na ushei. Katika mwaka huohuo wa 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini mkubwa wa michezo nchini, ilisitisha udhamini wake baada ya mvutano na serikali juu ya leseni na kodi. Michezo mingi ilitikisika. Ndondi zilikuwa zimezoea kukaa karibu na mlango.

Inabaki simu ya kutoka ng'ambo. Bondia wa Ulaya anahitaji mpinzani, aliyepangwa amejitoa, na wiki mbili zimebaki. Simu inapigwa Nairobi au Dar es Salaam. Malipo ni makubwa kuliko ya nyumbani, na mwalikwa anajua ameitwa ili ashindwe, rekodi ya mwenyeji ing'ae. Mara mojamoja mpango huharibika. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham kukutana na Sam Eggington, na katika raundi ya pili Mwingereza akawa hana la kufanya. Afrika Mashariki yote ilishangilia. Lakini kwa kila Mwakinyo mmoja wapo wengi waliokwenda bila maandalizi, wakapigwa, wakarudi na dola chache na maumivu ya kichwa, kisha wakangoja simu nyingine.

Upande wa pili wa Ijumaa

Mpaka hapa msomaji anaweza kuona dawa ni moja: tuongeze mapambano. Jirani zetu wamejaribu. Tanzania, Azam TV ilipoanza kurusha usiku wa ndondi mara kwa mara, mabondia walipata kazi, na nchi ikapata nyota kama Karim Mandonga, Mtu Kazi, anayejaza ukumbi kwa mdomo kabla hajainua mkono. Januari 2023 alikuja KICC akitamba na ngumi aliyoibatiza Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi, na kwa wiki kadhaa Nairobi haikuwa na stori nyingine. Julai mwaka huohuo alirudi Nairobi, Wanyonyi akalipiza. Kabla ya mwezi kwisha Mandonga alikuwa ulingoni tena, Mwanza, akapoteza mbele ya Moses Golola wa Uganda. Kamisheni ya Tanzania ikamsimamisha mpaka apimwe afya. Ilifanya vyema. Televisheni inayolisha mabondia ina njaa yake pia, na ikiachwa bila msimamizi itawala.

Na tumkumbuke Wangila. Baada ya Seoul alikwenda Marekani, akaanza kulipwa mwaka 1989, na kufikia Julai 1994 alikuwa na mapambano 27, wastani wa matano hivi kwa mwaka. Wazee wa barazani wangeukubali mwendo huo. Usiku wa pambano la ishirini na saba, Las Vegas, alikutana na David Gonzales. Refa Joe Cortez alisimamisha pambano, Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, na siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 26. Hatuwezi kusema ni idadi ya mapambano iliyomuua. Lakini anayetamani Ijumaa za zamani hana budi kuikumbuka ile ya Las Vegas.

Je, basi kijana wa Majengo ana bahati kwamba haitwi? Ningesema ndiyo, kama ningekuwa sijawahi kukaa kwenye benchi la ukumbi na kutazama raundi ya nne ya mazoezi. Asiyepigana ulingoni hupigana hapo. Mara tatu kwa wiki anavaa glavu kubwa na kukabiliana na mwenzake, wakati mwingine mzito kuliko yeye kwa kilo kumi kwa sababu ndiye aliyepatikana jioni hiyo. Ngumi zinatua. Hakuna daktari na hakuna ambulensi nje. Hakuna kamisheni itakayomsimamisha kwa wiki sita akitikiswa, kwa kuwa mbele ya karatasi hakuna kilichotokea. Ubongo hauna habari kama kiingilio kililipwa. Rekodi yake inasema mapambano mawili kwa mwaka. Kichwa chake kimehesabu mengi zaidi, yote ya bure.

Hapo ndipo saumu na njaa zinapoachana kabisa. Tajiri anapigana mara chache ili apigwe mara chache, na kila ngumi anayopokea imelipiwa. Wa Majengo anapigana mara chache, anapigwa mara nyingi, na halipwi. Ameachiwa hatari za zamani bila mshahara wa zamani, na uhaba wa sasa bila utajiri wa sasa.

Sitamani kurudi kwa Greb na mapambano yake 45. Kinachokosekana Eastlands ni ile ngazi ya chini: usiku mdogo wa raundi nne, kila mwezi, katika kumbi ambazo tayari zipo, wapinzani waliolingana, daktari mmoja anayewajua wote kwa sura, na mwajiri au kaunti inayolipa mabondia hata wiki wanazoshindwa. Si ndoto. Posta waliweza, Reli waliweza, na hawakuwa matajiri kuliko nchi ilivyo leo.

Saa mbili kasoro, mlango wa ukumbi unafunguliwa na akina mama wawili wanaingia na daftari. Kamati ya harusi imefika.

"Haya, wanangu, tuwaachie watu ukumbi," kocha anasema.

Viti vya plastiki vinaanza kupangwa palepale walipokuwa wakizungukana. Kijana mmoja amekaa sakafuni akifungua bandeji, anazikunja zikiwa bado na jasho.

"Mwalimu, kuna habari yoyote?"

"Bado."

Anaitikia kwa kichwa, anaangalia simu, anairudisha mfukoni. Nyuma yake mwenyekiti wa kamati anafungua mkutano kwa dua, kisha anawasomea waliohudhuria tarehe ya harusi, ili kila mtu aanze kujiandaa.